Hodi magofuni: siku nane kutoka Kivinje hadi Nachingwea

Safari niliifanya Agosti, naandika Septemba. Nimeokoteza kutoka kwenye kidaftari kilicholowa mara moja, picha mia nne na kitu, na risiti nilizokunja kwenye pochi. Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi Dar, risiti situpi. Wikiendi ndipo ugonjwa wangu unaponipanda: kupiga picha majengo yaliyoachwa. Kusini nilikwenda kufuata kuta, milango mitupu na mizizi ya mikuyu inayopasua dari. Watu sikuwaweka kwenye mpango.

SIKU YA KWANZA, Jumamosi 9 Agosti. Dar – Nangurukuru – Kilwa Kivinje

Tiketi ilisema saa kumi na mbili asubuhi. Tuliondoka Mbagala saa moja na robo, kisa vitanda vya chuma vya abiria mmoja vilivyogoma kuingia kwenye buti. Nauli mpaka Nangurukuru 20,000. Nanenane ilikuwa imeisha jana yake, na viwanja vya Ngongo pale Lindi ndivyo vya kanda ya kusini, kwa hiyo magari yaliyoshonana yalikuwa yanatoka huko. Sisi wa kwenda tulijinyoosha.

Daraja la Mkapa nimevuka nimelala. Somanga nikaamka, maana pale hakuna anayelala: madirisha yote yamejaa samaki wa kukaanga na mikono ya wauzaji. Ni hapo hapo barabara ilipokatika Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokuja, na wasafiri wakakwama njiani. Ukienda masika, weka siku mbili za akiba na usiahidi mtu kufika. Mimi Agosti nilichelewa saa moja tu.

Nangurukuru mpaka Kivinje bodaboda 4,000 na begi. Gesti 20,000, feni ipo, chandarua kina tundu la kupitisha kichwa. Saa kumi jioni jua lilikuwa limelala vizuri, nikabeba kamera na stendi yake ya miguu mitatu nikaingia mjini.

Asiyefika Kivinje ajue kwamba si Kilwa Kisiwani, kule kwenye msikiti mkuu na watalii. Huu ni mji wa karne ya 19, uliokua wakati Kisiwani inafifia. Misafara iliyotoka huko Ziwa Nyasa ilikuwa inamalizikia hapa, na pembe na watu waliofungwa, kabla ya majahazi ya Unguja. Wajerumani wakaja wakajenga boma linalotazama bahari. Leo mtaa wa nyuma ya boma una nyumba za ghorofa za matumbawe na chokaa, nyingine zimebaki ukuta wa mbele tu, boriti za mikoko zikining'inia kama mbavu.

Nilichagua moja isiyo na mlango. Si kwamba mlango umefungwa au umeoza: fremu yenyewe haipo, pamebaki tundu la mstatili. Nikaingia, nikafungua stendi, nikainua lenzi kwenye boriti. Nimepiga kama tatu hivi.

"Wewe! Kwenu hakuna hodi?"

Nyuma ya ukuta wa pili kulikuwa na chumba kimeezekwa bati, na mama mmoja wa makamo amekaa kwenye kigoda, dagaa wametandazwa kwenye chandarua cha zamani mbele yake. Nilisema shikamoo nikiwa tayari nimechelewa. Akaitika marahaba kwa sauti ya mtu anayehesabu kosa.

"Umeona hakuna mlango, ukadhani hakuna mwenyewe."

Mlango, akanieleza baada ya hasira kupoa, ulikuwa wa nakshi. Baba yake aliuuza kwa mtu aliyekuja na jahazi, fedha ikatibu jicho la bibi. "Nyumba imetoa mlango, bibi akaona miaka minne zaidi." Kwenye kidaka ukutani, kile cha tao ambacho wenye nyumba wa zamani walipanga vyombo vya kujionyesha, yeye ameweka kipande cha sabuni ya mche, kiberiti, redio ya mkulima isiyo na kifuniko cha betri, na mswaki. Nikaomba kupiga kidaka. Akanisimamisha kwanza: akatoa mswaki.

Picha hiyo ndiyo ya kwanza kwenye safari ninayoipenda. Zile tatu za boriti nimezifuta.

SIKU YA PILI, Jumapili 10 Agosti. Kivinje

Nimeamka saa kumi na moja kwa ajili ya mwanga. Kivinje inatazama mashariki, kwa hiyo boma linapata jua la usoni asubuhi. Jioni litakupa kivuli tu. Vaa viatu vya kufunika vidole. Nyigu hujenga chini ya vizingiti, na chini ya vifusi sikujaribu kujua kuna nini.

Watoto wawili walinipeleka Mwembe Kinyonga. Hapo ndipo Wajerumani walipowanyonga Hassan bin Omari Makunganya na wenzake mwaka 1895, kama miaka kumi kabla ya Majimaji. Pana mnara wa kumbukumbu. Mkubwa wa wale watoto alinisimulia yote kwa pumzi moja kama anajibu mtihani, mdogo akanipa masahihisho mawili.

Mchana nilikaa barazani kwa mzee mmoja anayeshona nyavu. Tukaongea bei ya dagaa, tukaongea Simba na Yanga. Nikajiona nimezoeleka. Nikamuuliza: babu, bibi yako mzaa baba alitoka wapi? Katika ile misafara, au?

Sindano ilisimama. Halafu ikaendelea. "Hapa kila mtu wa hapa," akasema, na hakuongeza kitu mpaka adhana.

Nimeandika swali hilo ili mwenzangu asilirudie. Kivinje ni mji ambao mwenye mtumwa na mtumwa walizikana, wakaoana, wakagawana mitaa. Nani alikuwa nani, wenyewe wanajua na hawahitaji mgeni mwenye kamera aje kupanga upya. Ukikaa muda wa kutosha kitu kitasemwa bila kuulizwa. Yule yule mzee jioni, ananionyesha njia ya kupita kwenye matope, akasema tu: "Bibi yangu alikuwa anaimba Kiyao akitwanga. Sisi hatukujua maneno, tulijua mtwangio." Sikutoa hata daftari.

Chakula: wali wa nazi, mchuzi wa pweza, kachumbari, 4,000. Nilirudia sahani.

SIKU YA TATU, Jumatatu 11 Agosti. Kivinje – Lindi

Pale Nangurukuru nilisubiri gari kwa muda wa saa mbili na nusu. Yote yanayotoka Dar yanapita yamejaa mpaka saa sita. Lindi nimefika saa kumi. Njia nzima harufu ya salfa: ni msimu wa kupulizia mikorosho, wanaume wamebeba mashine mgongoni na vitambaa puani, vumbi la njano linapanda juu ya miti kama moshi. Funika lenzi. Mimi sikufunika, na lile vumbi limeniganda kwenye pete ya kukuza picha mpaka leo.

Lindi mjini nilizunguka ufukweni na mitaa ya maduka ya zamani. Kuna gofu la Wajerumani, kuna ghorofa za Wahindi zenye roshani za mbao zilizolegea. Fundi cherehani mmoja anayefanya kazi kwenye baraza la duka lililofungwa aliniambia bati la pale juu ni jipya, "la baada ya tufani". Nikadhani anasema Hidaya. Anasema tufani la Aprili 1952. Baba yake ndiye aliyelipigilia.

Kitu kimoja cha Lindi ambacho hakina jengo wala gofu: mifupa ya Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mijusi wakubwa wa kale kwenye kilima hicho, kaskazini-magharibi mwa mji, na zaidi ya tani 200 za mizigo zikaja bandarini hapa vichwani na mabegani mwa wapagazi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Mmoja wa mijusi hao amesimama makumbusho ya Berlin, kimo cha zaidi ya mita 13. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na jina lake limebaki kwenye maandishi. Ya wapagazi wengi hayakubaki. Nilipiga picha ya maji ya ufukweni saa kumi na mbili jioni. Ni picha mbaya, haina kitu ndani yake, nimeiweka hivyo hivyo.

Gesti 25,000, maji ya moto yameandikwa ukutani tu.

SIKU YA NNE, Jumanne 12 Agosti. Mkonge

Hii ndiyo siku iliyoniandikisha simulizi yote hii.

Nje ya mji wa Lindi kuna mashamba ya mkonge ya zamani. Nilikwenda moja, na jina lake silitaji, kwa sababu bado watu wanaishi humo na sitaki wafuatwe kila Jumamosi. Bodaboda kwenda, kusubiri na kurudi tulikubaliana 15,000. Gurudumu la nyuma lilitoboka njiani, tukaongea hadithi za pancha kwa dakika arobaini chini ya mkorosho. Dereva aliniomba nisimpige akiwa ameinama. "Nipige nikimaliza, braza."

Tulipofika tulipita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Fanya hivi kila mahali, hata kama jengo lina mti umeota sebuleni. Nilionyesha kitambulisho, nikaeleza ninachotaka, akanipa kijana wa kunisindikiza. Hakuomba fedha. Nilimwachia 5,000 ya soda nikiondoka.

Mkonge haukuzaliwa kwetu. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62, ikapandwa kule pwani ya Tanga. Kutoka miche hiyo, mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000, na hakuna nchi iliyotuzidi. Halafu zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakabaki mistari ya miti mirefu ya maua inayokufa imesimama.

Korona, yaani kile kibanda kikubwa cha mashine ya kusinga majani, imebaki nguzo na sakafu. Mashine ilikwenda chuma chakavu. Nyuma yake kuna makambi ya manamba, yaani vibarua wa mkonge: safu za vyumba, mlango mmoja chumba kimoja, namba imeandikwa juu ya kila kizingiti kwa rangi iliyobaki kivuli. Manamba wengi wa Lindi walikuwa Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wenyeji wakiwaita Wamawia. Mtu alipewa kipande, karatasi ya siku thelathini za kazi. Siku zikijaa ndipo analipwa. Siku ambayo hukumaliza kipimo, haijazwi.

Chumba cha tisa hakikuwa na paa. Cha kumi na moja kilikuwa na paa, pazia la kanga na jiko la mkaa nje. Safari hii nilisimama mbali.

"Hodi."

"Hodi mara moja tu? Karibu, mjukuu wangu."

Bibi alikuwa mfupi, amejifunga kanga mbili, ana ndonya ndogo kwenye mdomo wa juu kama walivyovaa wanawake wa Kimakonde wa zamani. Alizaliwa kwenye kambi hiyo hiyo, chumba cha tatu. Alitupa ming'oko ya kuchemsha kwenye sinia, chumvi na pilipili kando. Kwa asiyejua, ming'oko ni mizizi ya porini, unaimenya kwa meno, ina utelezi kidogo na ladha inayokuja mwishoni. Dereva wangu alikula kama hajaona chakula tangu pancha.

Ndani, ukutani upande wa kitanda, niliona mistari.

Ukuta mzima umepakwa chokaa nyeupe, isipokuwa mraba mmoja, mkubwa kama mlango wa kabati, ulioachwa na rangi yake ya udongo. Ndani ya mraba huo kuna mistari ya mkaa, imesimama kwa makundi. Minne hapa, kumi na mmoja pale, miwili. Moyo ukanidunda. Nimesoma habari za vipande, najua siku thelathini, na hapa naona mtu amehesabu siku zake ukutani! Nikapiga magoti, nikaweka kamera kwenye stendi, nikaanza kumweleza bibi yeye mwenyewe maana ya ukuta wake: hizi ni siku za kazi, bibi, wanaume walikuwa wanahesabu kipande kisije kikaibiwa siku.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kwa adabu kabisa.

"Hayo madeni ya pombe," akasema.

Mama yake alikuwa anapika pombe ya mtama. Mishahara ikija mwisho wa kipande, watu wanakunywa kwa mkopo katikati. Hakujua kusoma, hakuna mteja aliyejua kusoma, basi kila mtu alichorewa alama yake juu ya mistari. Akaanza kunionyesha kwa kijiti. Nilikuwa nimeziona hizo alama nikadhani ni uchafu. Samaki: huyu alitoka upande wa bahari. Kiko: huyu mzee wa korona, alilipa siku zote, akabakiza miwili alipokufa, mama akasema ya rambirambi. Sikio kubwa: "Huyu alikuwa na masikio." Na kofia, yenye mistari saba.

"Huyu wa kofia ni mwizi?"

"Si mwizi. Alikuwa hajalipa."

Alikuwa kijana, anakata mkonge, anavaa kofia ya majani hata usiku. Vita vilipoanza kwao Msumbiji, mwaka 1964, alikuja kuaga. Mama akamwambia deni. Akasema nitarudi nalo. Baadaye walisikia amekwenda Nachingwea kwa Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, kujifunza bunduki.

"Kila Idi nikipaka chokaa naruka hapo. Mkaa ukififia naukolezea. Mama alisema nisifute mpaka walipe."

Nimefanya kazi ya vitabu vya hesabu miaka kumi na moja. Nimeona wadaiwa sugu, nimeona madeni yanafutwa kwa saini moja ofisini mwezi wa Juni. Nilikaa pale sakafuni nikanukuu ukuta mzima kwenye daftari, alama kwa alama: wadaiwa tisa, mistari hamsini na mitatu. Bibi akahakiki. Nilikuwa nimemkosesha kiko mmoja.

Nikampiga picha amesimama kando ya ukuta, kijiti mkononi. Akaniomba nimtumie. Nikaahidi.

SIKU YA TANO, Jumatano 13 Agosti. Lindi – Mikindani – Mtwara

Noah kutoka Lindi mpaka Mikindani 8,000, tulikuwa kumi na mmoja. Mikindani wengi wameshaiandika: boma la Wajerumani la 1895 lililokarabatiwa likawa hoteli, ghuba tulivu, kumbukumbu ya Livingstone aliyeanzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866. Jina, wenyeji wanakwambia, linatokana na mikinda, minazi michanga. Nilipiga mitaa ya chini kwa saa mbili, nikapiga hodi kwenye magofu sita. Matatu yaliitika. Moja aliitika mbuzi.

Usiku Mtwara. Samaki wa mkaa na ugali wa muhogo 6,000. Korosho nunua kwa mama aliyekaa chini, si dukani.

SIKU YA SITA, Alhamisi 14 Agosti. Mtwara – Masasi – Nachingwea

Mtwara kuna kata inaitwa Reli. Nimeitembea yote, reli hakuna. Nachingwea nako kuna kata inaitwa Stesheni, na hakuna treni inayosimama. Kati ya majina hayo mawili ndimo umelala mradi wa karanga.

Baada ya vita vikuu vya pili Waingereza walikosa mafuta ya kula. Wakaamua kulima karanga Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Bandari ya Mtwara yenye kina kirefu ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo, na reli ya kuzishusha pwani. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, zaidi ya pauni milioni 36 zimekwenda. Reli iliendelea kubeba chochote kilichopatikana, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa.

Basi mpaka Masasi, halafu gari dogo mpaka Nachingwea. Jumla 17,000 na mchana mzima. Bandari, kambi za jeshi na madaraja usipige. Nachingwea ina jeshi, uliza kwanza kabla hujainua kamera hata kupiga machweo.

SIKU YA SABA, Ijumaa 15 Agosti. Nachingwea

Asubuhi nilitaka Farm 17, mahali ambapo Frelimo walikuwa na kambi kuu ya mafunzo na ambapo kiongozi wao Samora Machel aliwaandaa wapiganaji wake. Mei 1975 safari yake ya kurudi nyumbani kwenye uhuru ilianzia huku. Nilienda ofisini kuomba kibali. Aliyekuwepo alisema barua iandikwe, barua ipelekwe ofisi nyingine, ofisi nyingine ikasema mhusika yuko semina mpaka Jumatatu. Sikuingia. Andikeni barua wiki mbili kabla, msiende kama mimi na tabasamu na kitambulisho cha kazi.

Nje, chini ya mwembe, kulikuwa na mzee anauza miwa. Alikuwa mtoto wakati huo. Anawakumbuka wakikimbia alfajiri, wakiimba Kireno na Kimakonde. Nikamuuliza, kwa aibu kidogo, kama anamkumbuka kijana mwenye kofia ya majani.

Alinitazama kwa muda. "Mwanangu, wenye kofia walikuwa elfu."

Nikanunua miwa ya 2,000.

Mchana, kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nilimwomba bodaboda anipeleke popote ilipopita njia ya treni. Tulifuata tuta kama la barabara lakini limenyooka kupita kiasi, majani yamelifunika, mpaka kwenye kalvati ya zege ambapo wasichana walikuwa wanafua. Kalvati imara kuliko darasa nililosomea. Mbele kidogo kuna shule ya msingi. Nilipita ofisini kwa mwalimu mkuu, nikaeleza, akacheka: "Wewe unatafuta reli? Ngoja dakika tano."

Mwanafunzi mmoja akatoka, akaenda kwenye mti, akachukua nondo. Kwenye tawi kulikuwa na kipande cha chuma, kirefu kama mkono, kimefungwa kwa waya. Nikakijua umbo lake kabla hajakigonga: kichwa kipana, kiuno chembamba, kitako bapa. Reli. Akaigonga mara nane na mlio ukaenda mpaka ng'ambo ya mikorosho, na kule kwenye kalvati wasichana wawili wakaanza kukusanya nguo mbio.

Pale inapogongwa kila siku pamebonyea na kung'aa kama sarafu. Kwingine kutu. Kulikuwa na herufi ubavuni, zimelika, sikuweza kuzisoma hata kwa kidole. Mwalimu alisema aliikuta, na mwalimu aliyemkabidhi naye aliikuta. Niliiomba ipigwe tena kwa ajili ya picha. Akakataa, na alikuwa sahihi: ikigongwa bila saa, watoto wote wangetoka.

SIKU YA NANE, Jumamosi 16 Agosti. Nachingwea – Dar

Basi la alfajiri, saa kumi na nne njiani, hakuna la kusimulia ila mtoto aliyenilalia bega kutoka Nangurukuru mpaka Mbagala na mama yake akanipa chungwa la shukrani.

Jumla niliyotumia ni 412,000, pamoja na nauli, malazi, chakula na zile 5,000 za soda. Ungeweza kuipunguza ukilala kwa watu; nilialikwa mara mbili nikaona haya.

BAADAYE

Wiki mbili baada ya kurudi nilisafisha picha kubwa ya bibi, nikaitia kwenye fremu, nikaipakia kwenye basi la Lindi kwa 5,000 na namba ya dereva wangu wa bodaboda. Aliipeleka mwenyewe kambini. Jioni akanipigia, akampa bibi simu.

Shikamoo, marahaba, habari za huko, salama. Picha amefurahi, kanga imetoka vizuri. Kimya kidogo.

"Mjukuu wangu, mbona umemkata wa kofia?"

Nikafungua kompyuta nikiwa bado kwenye simu. Kweli. Nilipunguza upande wa kushoto ili bibi akae sawa katikati, na mistari saba imebaki nje ya fremu.

Ya pili inatoka kwa mpiga chapa Jumatatu.